Siku tano za mafunzo ya vijana na amani Mwanza: nilichokilipia na nilichokipata

Kwa siku tano nilikuwa miongoni mwa washiriki thelathini na wawili wa mafunzo kuhusu nafasi ya vijana katika ujenzi wa amani, yaliyofanyika katika ukumbi wa kukodi eneo la Capri Point, hapa Mwanza. Tangazo lilisema kwamba mafunzo yangeitazama zaidi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kwamba vijana wa Kitanzania wangeweza kujiunga kwa ada ya shilingi 120,000, ilhali wenzao wa Kongo na Burundi wangegharimiwa kila kitu. Nimeona watu wakiulizana kama awamu ijayo inafaa kulipiwa, na ndiyo sababu nimeandika. Shirika lililoandaa sitalitaja, kwa kuwa malalamiko yangu nimewapelekea kwa maandishi na bado nasubiri majibu.

Nieleze kwanza mimi ni mtu wa aina gani, ili msomaji ajue tathmini hii inatoka wapi. Ni mlezi wa kikundi cha vijana katika mwalo mmoja wa Wilaya ya Ilemela, na migogoro ninayoijua ni ya wizi wa nyavu na injini za mitumbwi, ya tajiri wa dagaa anayekata deni lake kabla ya mvuvi kupata chakula, na ya maneno anayorushiwa mgeni anayeshuka kutoka visiwani bila ndugu wa kumtambulisha. Hata hivyo vita vya majirani vimekuwa vikitufikia miaka yote. Wazee wa mwambao hawajasahau mwaka 1994, Mto Kagera ulipoleta ziwani miili ya waliouawa Rwanda na watu wengi wakaacha kula samaki. Na Desemba 2017 wanajeshi wa Tanzania zaidi ya kumi, waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Nililipa ada nikitaka kujua vijana wa huko wanafanya nini hasa, na kama kuna cha kujifunza kwa ajili ya mwalo wangu.

Siku ya kwanza ilistahili fedha. Mkufunzi alilifungua kifungu kwa kifungu Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 2015, ambalo ndilo la kwanza la Baraza hilo kuhusu vijana, amani na usalama, akazieleza nguzo zake tano: ushiriki, ulinzi, kinga, ubia, na kuwatoa vijana katika makundi yenye silaha ili warejee katika jamii. Akaliunganisha na Azimio namba 2419 la mwaka 2018, linalohimiza vijana washirikishwe katika kujadili na kutekeleza mikataba ya amani, na namba 2535 la mwaka 2020. Alieleza vizuri pia utafiti huru ulioagizwa na azimio lile la kwanza na kuwasilishwa mwaka 2018, ambao ulionyesha kwamba vijana walio wengi hawajihusishi na ghasia kabisa, ingawa serikali nyingi hupanga mambo yao kana kwamba kila kijana asiye na kazi ni petroli inayosubiri kiberiti. Nimekaa katika semina nyingi ambamo mambo kama haya husomwa ukutani kwa sauti ya kuchosha. Huyu aliyajua, na alikubali kukatizwa.

Palikuwa na kicheko pia. Azimio 2250 linamhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 18 hadi 29, wakati Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unaanzia miaka 15 na kufikia 35. Dada mmoja kutoka Bujumbura, mwenye miaka thelathini na mitatu, aliuliza kama ina maana kwamba yeye ni kijana akiwa nyumbani na ni mama mtu mzima akifika New York. Swali lilikuwa la utani, lakini mkufunzi alilichukua kwa uzito na kueleza kwamba fedha za wafadhili mara nyingi hufuata umri ulioandikwa katika hati, hivyo anayeandika maombi lazima ajue anasimama chini ya hati ipi. Hilo nimelitumia tayari.

Siku ya pili mambo yalianza kulegea. Mifano yote ilitoka Ireland ya Kaskazini na Kolombia, nchi ambazo zina mengi ya kufundisha, lakini tulikuwa tumekaa katika mji ambao wenyewe ni sehemu ya historia ya amani ya Maziwa Makuu na hakuna aliyeligusa jambo hilo. Aprili na Juni 1996 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha hapahapa Mwanza viongozi wa FRODEBU na UPRONA, vyama vikuu vya siasa vya Burundi. Mazungumzo yakakwama, Julai Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa mapinduzi, na ikabidi safari nzima ianze upya Arusha, ikiongozwa na Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999 na kisha na Nelson Mandela, hadi mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Niliponyoosha mkono na kulitaja, mkufunzi wa siku hiyo alinishukuru kwa mchango na kurudi Bogotá, Kolombia.

Sisemi hivi kwa kujivunia mji. Mwanza ya 1996 ingewafaa sana wakufunzi hawa kama mfano wa kushindwa, kwa sababu wakati wanasiasa wanazungumza hapa, vijana wa mitaa ya Bujumbura walikuwa wameshagawanywa katika makundi ya wanamgambo, na waliokataa kugawanywa hawakuwa na yeyote wa kuwasemea. Jambo lililonishtua zaidi katika siku hizo tano sikulisikia ukumbini. Nilisimuliwa wakati wa chai na kijana wa Kirundi, akiwa ameegemea ukuta na kikombe mkononi: habari ya seminari ndogo ya Buta, huko Bururi nchini Burundi, ambako mwishoni mwa Aprili 1997 wanafunzi waliamriwa na waasi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule, wakakataa, na arobaini wakauawa. Ratiba ilikuwa na kipindi cha saa mbili kiitwacho «Ujasiri wa vijana», na kipindi hicho kilijazwa na video ya vijana wakicheza mpira wa miguu.

Siku ya tatu ndiyo ninayoipa nyota zote, ingawa sifa yake kubwa haiwaendei waandaaji. Katika ratiba iliyochapishwa, baada ya chakula cha mchana, palikuwa na kipengele kimoja: «Ushuhuda wa vijana kutoka maeneo ya migogoro, dakika 30». Aliyekuwa zamu ya uenyekiti, mshiriki mwenzetu kutoka Sengerema, hakukiheshimu kipimo hicho, na dakika thelathini zikawa karibu saa nne. Kiswahili cha wenzetu wa Kivu kilitupa tabu kidogo mwanzoni, kwani maneno mengi ya Kifaransa yamejibanza ndani yake, kisha masikio yakazoea.

Binti wa Goma alianza na Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wao, umeme na maji yakakatika, na watu wakateremka Ziwa Kivu na madumu. Hakutueleza habari za risasi, ambazo nadhani ndizo waandaaji walizitarajia kwa neno «ushuhuda». Alieleza mpangilio. Kikundi chao cha vijana kiligawana mitaa, kikakubaliana na wasukuma chukudu, yaani zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na pedeli ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikishusha viazi na makabichi kutoka Kibumba, wabebe maji yaliyotiwa dawa kwa wazee na wajane, na sharti la kwanza likawa kwamba nyumba haichaguliwi kwa lugha inayozungumzwa ndani yake. Sharti la pili lilihusu simu. Sauti yoyote ya WhatsApp iliyodai kwamba kabila fulani linaficha wapiganaji haikusambazwa na mwanakikundi hadi watu wawili wanaokaa mtaa uliotajwa waseme wameona kwa macho yao. Alikiri kwamba mara mbili walichelewa, na uvumi ukawatangulia. Mara moja nyumba ilivunjwa. Aliyataja makosa yao kwa hesabu ileile aliyotumia kutaja madumu.

Kijana wa Fizi, Kivu Kusini, alifuata, na hapo Watanzania tuliokuwa tunasinzia kwa shibe tuliamka, maana alizungumza habari za ng'ombe na mashamba. Kwao Wanyamulenge wanaohamisha mifugo na Wabembe na Wafuliiru wanaolima wamekuwa na ugomvi wa miaka mingi, na kila upande una vijana wenye bunduki wanaojiita walinzi. Msukuma yeyote mwenye ndugu aliyehamia Morogoro au Rukwa na mifugo yake anajua mwanzo wa hadithi hiyo. Alichokifanya yeye na wenzake, wachache tu kutoka kila upande, ni kukaa kabla ya kiangazi na kukubaliana njia ya mifugo, kisha kuitembea wenyewe mbele ya kundi. Na ng'ombe wakiingia shambani, vijana wawili, mmoja wa mfugaji na mmoja wa mkulima, hupima uharibifu kwa hatua za miguu siku hiyohiyo, kabla kesi haijafika kwa wazee na kabla haijavimba. Alisema mpango huo ulidumu misimu miwili, ukavunjika vita vilipopanda, ukaanza tena kwa njia moja tu kati ya tatu. Niliandika kurasa nne. Tangu nirudi, katika mwalo wetu wizi wa nyavu unapimwa na vijana wawili wa pande zote kabla haujafikishwa kwenye uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na ni wazo nililolichukua kwake mzimamzima.

Hapa ndipo lawama yangu kuu inapokaa. Vijana hawa waliletwa kwa gharama kubwa, wakisafiri kupitia Kigali na Rusumo au Ngara, wakavuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, wakafika hapa wakiwa na mbinu zilizojaribiwa katika mazingira ambayo wakufunzi wetu huyasoma tu, na bado ratiba iliwaweka chini ya neno «ushuhuda», baada ya mlo, kwa nusu saa. Mwenye ushuhuda huulizwa alichoumia. Mwenye utaalamu huulizwa alichojifunza na nini kilishindikana. Azimio 2250 lililosomwa siku ya kwanza linazungumzia ushiriki wa vijana, na siku ya tatu ratiba ya shirika lenyewe ilikuwa imelisahau.

Siku ya nne ilipewa nguzo mbili ngumu, ulinzi na urejeshaji, na zote mbili zilipitiwa harakaharaka. Kuhusu ulinzi, Wakongo walitaja mfano wanaoujua wote, vuguvugu la LUCHA lililoanzishwa Goma mwaka 2012 na vijana waliodai maji, barabara na uwajibikaji bila kutumia nguvu. Februari 2016 vijana wake sita walikamatwa wakiandaa mabango ya siku ya mgomo, wakafungwa, na mwaka huohuo vuguvugu hilo likatunukiwa tuzo ya Amnesty International ya Balozi wa Dhamiri pamoja na wengine. Swali lao lilikuwa la kawaida sana: mratibu wa kikundi akikamatwa saa nane usiku, nani anapigiwa simu wa kwanza, nani anatunza orodha ya majina, na simu za wenzake zifanywe nini? Mkufunzi alijibu kwamba ni muhimu kushirikisha mamlaka husika tangu mwanzo. Ukumbi ulicheka, naye akatabasamu, nadhani akiamini ametania.

Kisha likaja swali la meza ya mazungumzo ya amani. Kijana wa Bukavu, mji ulioangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, aliyaorodhesha mazungumzo kwa vidole: mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari, makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni, na tamko la Doha la tarehe 19 Julai kati ya serikali ya Kongo na M23. Akauliza Azimio 2419 linamwelekeza abishe mlango upi kati ya hiyo mitatu, na abishe kwa jina la nani. Nilitegemea angalau mjadala kuhusu ushawishi kupitia Umoja wa Afrika, au kuhusu kamati za utekelezaji, ambazo mara nyingi huundwa baada ya saini na ambamo nafasi ya kuingia huwa pana kidogo kuliko mezani penyewe. Tulielezwa kwamba vijana wanaweza «kutoa maoni».

Urejeshaji ulipata dakika arobaini. Mshiriki mmoja alimzungumzia jirani yake aliyetoka porini, akapewa kisanduku cha vifaa vya useremala, akakiuza baada ya wiki tatu kwa kuwa kijijini hapakuwa na mtu mwenye fedha ya kununua hata kigoda, na sasa kundi linamwita tena. Hili lingeweza kuwa somo la siku nzima, kuhusu mpango unaomwandaa kijana bila kuliandaa soko wala jamii inayompokea, na chumba kilikuwa na watu watano au sita waliokaa na wapiganaji wa zamani uso kwa uso. Tulipelekwa kwenye chai.

Kuhusu mbinu za darasani, nitakuwa mfupi. «Mti wa mgogoro», ambapo mizizi ni chanzo, shina ni tatizo na matawi ni madhara, unajulikana kwa karibu kila aliyewahi kuhudhuria semina. «Kitunguu» kina faida zaidi: unamenya msimamo ili uyaone maslahi, unamenya maslahi ili uyaone mahitaji, na tulipokijaribu kwa ugomvi wa kijiwe cha bodaboda cha Igoma kilifanya kazi vizuri ajabu. Zoezi la kutafuta vigawanyishi na viunganishi, yaani yanayowatenga watu na yanayowaleta pamoja, nalo lilikuwa zuri, na binti wa Goma alipotaja soko na chukudu kuwa viunganishi, wote tulielewa bila maelezo. Igizo la usuluhishi ndilo lililoniudhi. Watu waliotoka Masisi na Uvira, kwenye vita halisi vya Kivu, walipewa nchi ya kubuni yenye kabila la Bluu na kabila la Kijani, wakavalishwa vitambaa na kuambiwa wagombanie kisima. Walicheza kwa adabu, kama mtu anavyokula chakula kisicho na chumvi nyumbani kwa mkwewe.

Vitini vilikuwa vya Kiingereza vyote, kurasa zaidi ya mia, katika mafunzo yaliyoendeshwa kwa Kiswahili mbele ya Wakongo na Warundi wanaosoma Kifaransa. Nilipouliza, niliambiwa tafsiri «iko mbioni». Tulichokipeleka nyumbani ni madaftari yetu, kwa hiyo atakayekwenda achukue daftari nene.

Malazi yalikuwa safi, watu wawili chumba kimoja, na upepo wa ziwa usiku ulitosha. Chakula sina la kukilalamikia: sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, na kisamvu ambacho Wakongo walikiita sombe na kukisifia kuliko kila kitu kilichosemwa ukumbini siku ya pili. Nauli ni habari nyingine. Wageni waliahidiwa kurudishiwa siku ya kufika, wakalipwa siku ya tano saa kumi jioni, na wawili walikuwa wamekopa ili wafike. Watanzania baadhi walidai posho ingawa tangazo lilisema wazi kwamba haipo. Hapo niliwaonea huruma waandaaji. Wanawake tulikuwa tisa kati ya thelathini na wawili, idadi ndogo mno kwa mafunzo yanayohubiri ushiriki, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Kwa ujumla natoa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka kuyajua maazimio na kuandika maombi ya mradi atapata thamani ya fedha yake siku ya kwanza peke yake. Anayefanya kazi na vijana wa mitaani, mialoni au machungani atapata faida kwa washiriki wenzake, iwapo atakaa nao jioni na kuwauliza. Mtumishi wa halmashauri anayetafuta cheti atakipata. Ni kizuri, kina mhuri.

Katika barua yangu kwa waandaaji nimeomba mambo matatu: vitini kwa Kiswahili na Kifaransa, nauli ilipwe mapema, na siku ya tatu yote wakabidhiwe binti wa Goma na kijana wa Fizi. Hilo la mwisho nimeliwekea sharti kwamba walipwe ujira uleule wanaolipwa wakufunzi, maana mara hii nilikuwapo bahasha zilipogawiwa kwa wakufunzi, na hao wawili walipigiwa makofi.